Usikate Ule Mwanga

Mimi si mtunzi wa hadithi. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, na kurasa hizi zimenichukua jioni nyingi. Kuongea ndiyo kabisa siwezi. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, na mama yangu yuko hai. Ukifika kijijini kwetu, upande huu wa Serengeti, muulize. Atakujibu, ingawa hatakuangalia usoni.

Kwanza ujue desturi ya nyumbani kwetu. Boma letu la zamani lilikuwa na mlango wa magogo, unaufunga kwa kuyalaza moja juu ya jingine. Kila jioni nilisimama pale na kumwita kaka yangu Marwa arudishe ng'ombe. Nilimwita kwa sauti ndefu, mpaka mlima unajibu. Hiyo ndiyo sauti pekee kubwa niliyowahi kuwa nayo. Na anayeita ndiye anayefungua. Ukimwita mtu huku magogo yamelala, umemfukuza. Hilo mtoto yeyote wa kwetu analijua.

Siku ya kuhamia kijiji cha ujamaa, Marwa alikuwa akivusha ng'ombe mtoni. Maji yakaja ghafla. Ng'ombe wengine walitoka. Yeye hakutoka, wala mwili haukupatikana.

Huku kijijini nyumba zimepangwa mstari kama madawati na hakuna mlango wa magogo. Mama usingizi ukampotea. Kila mbwa akibweka, anatoka nje. Mwishowe wazee wakatupeleka kule kwenye mahame yetu, kwenye lile boma tulilolihama. Tukayalaza magogo yote, na mama akasema, "Marwa, hapa tumefunga. Pumzika, baba." Tangu siku ile akaanza kulala.

Msimu uliofuata wakaja wanafunzi wawili wa chuo kikuu. Ndugu Salome alisomea uchoraji. Ndugu Idrisa, mtu wa pwani, mcheshi sana, alisomea mashine za kukokotoa hesabu, zile alizoziita kompyuta. Walisema watatengeneza sanaa ambayo haikamiliki mpaka mtu aingie ndani yake. Nani alielewa? Hakuna.

Wakatundika shuka jeupe katikati ya ghala la pamba. Mbele yake wakaweka taa ya betri ya gari. Kwenye shuka wakatoboa tundu, na humo wakatia kioo kidogo walichokiita jicho, chenye waya hadi kwenye mashine ya kanda, ile inayonasa sauti na kuzirudia. Taa ikilimulika jicho, kanda imetulia. Ukisimama katikati, kivuli chako kinafunika jicho na kanda inazunguka. Ukiondoka, inanyamaza.

Kisha wakatuomba tuchore kwa mkaa, kwenye shuka, nyumba tulizoziacha, na kila mmoja atoe sauti moja ya kule, wainase kwenye kanda. Bibi mmoja alitoa ya kutwanga. Mzee Nyamhanga, jirani yetu, alikohoa, akasema ndivyo alivyokuwa akiwaamsha wake zake. Ghala zima likacheka.

"Na huyu ndugu hana mdomo?" Idrisa akaniuliza.

Nilikuwa nimechora boma letu, magogo yamelala kama tulivyoyaacha. Nikafumba macho nikamwita Marwa, vilevile kama zamani. Watu wakageuka kunitazama. Halafu wakapiga makofi. Niamini, sijawahi kupigiwa makofi maishani. Salome alinishika bega akasema sauti yangu ndiyo itakuwa ya mwisho kwenye kanda. Nilifurahi. Mama hakuwepo, alikuwa shamba la kijiji.

Jua lilipozama watu wakaenda kula. Wanafunzi wakaitwa kwa mwenyekiti. Nikaachwa kulinda betri, nimekaa mlangoni.

Kanda ikaanza kuzunguka.

Nikasema moyoni ni popo amepita kwenye taa. Lakini popo hakai. Kinu kikatwanga, mzee akakohoa, kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimwita kaka. Nikageuka. Kati ya taa na shuka hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtu kabisa! Ila juu ya shuka kilikuwepo kivuli cha kijana, fimbo imelala mabegani, mikono imening'inia juu yake. Marwa alisimama hivyo tangu utotoni. Ghala likanuka tope la mto.

Kivuli kikatembea katikati ya zile nyumba za mkaa mpaka kwenye boma letu. Kikashusha mkono. Kikapapasa magogo niliyoyachora, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Umeniita," ikasema sauti. "Mbona hujafungua?"

Kilihitajika nini? Kiganja chenye mate tu. Ningeyafuta yale magogo ya mkaa, naye angeingia. Leo naliona hilo kila nikifumba macho. Badala yake nilirukia betri nikang'oa waya. Taa ikazimika, na kanda ikasimama. Nikakimbia.

Asubuhi wanafunzi walikuwa tayari ndani ya gari, na shuka lao na kanda yao. Nilisimama dirishani. Maneno yalikuwa mdomoni: nipeni ile kanda. Hayakutoka.

"Kwaheri, fundi wa sauti!" Idrisa akacheka. "Dar yote itakusikia!"

Wakaondoka.

Nilimweleza mama jioni ile. Hakulia. Alisema tu, "Umemwita, halafu umemfungia." Akachukua kanga yake akatoka.

Sasa kila jua likishuka tunakwenda mahame, mimi na yeye. Navuta magogo kufungua mlango, tunakaa. Balozi wetu wa nyumba kumi ametugombeza, anasema tunarudi nyuma wakati wenzetu wanajenga taifa. Mama anamjibu, "Ndiyo, ndugu balozi," na kesho tunakwenda tena. Marwa hajaja. Mama amekonda, na kulala ameacha. Jana aliniuliza kama Dar ni mbali kwa mtu anayetembea kwa miguu. Nikasema ni mbali sana.

"Basi ndiyo maana," akasema. "Kila akikaribia hapa, wanamwita kule."

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Ukiingia kwenye jumba lolote huko mjini, ukakuta shuka jeupe lenye nyumba za mkaa, na taa imewashwa mbele yake, usikate ule mwanga kwa kivuli chako. Zunguka nyuma ya shuka, tafadhali. Na kama tayari umeukata, ukanisikia nikimwita Marwa kwa sauti ndefu, tafuta boma lenye magogo, utie mate kiganjani, uyafute.