Mita Mbili na Nusu

Pigo la kwanza sikuliona. Nililisikia tu, mshindo kama wa gunia la mihogo linaloangushwa kutoka kwenye lori, na wanawake waliokuwa wanageuza chisense, dagaa wa ziwa letu, waliinuka wote kutoka kwenye mikeka yao. Nilipogeuka, mtu alikuwa tayari chini kwenye mchanga wa Kashikishi, bandari yetu inayotazamana na Kongo, na wanaume saba au wanane walikuwa juu yake.

"Mwizi wa nyavu!"

Hilo lilitosha. Ukiiba samaki sokoni utatukanwa na kuzabwa kofi. Ukiinua wavu wa mwenzako majini, hakuna anayekuuliza jina. Hata mimi, ambaye chuoni nilibishana na kila mhadhiri, sikuuliza nani aliona, lini, na wavu upi. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kamera.

Kamera ile ya mitumba ilikuwa na uwezo wa kutafuta fokasi yenyewe, lakini nilikuwa nimeuzima zamani. Ukiiachia sokoni inachagua inachotaka, beseni jekundu au bega la mpita njia, na sikuona kwa nini mashine iniamulie nani ni muhimu. Kwa hiyo nilikuwa naifunga pete ya lenzi kwenye mita mbili na nusu na kuiacha hapo. Mita hizo nilijifunza kwa kulaza makafi mawili ya mtumbwi mchangani, moja mbele ya jingine, na kuyatazama mpaka jicho likazoea. Baada ya hapo huhitaji kuinua kamera usoni. Inakaa kifuani, unasimama, na watu wanaingia wenyewe kwenye ukanda wenye ukali. Siku ya jua kali ukiminya tundu la lenzi, ukanda huo ni mpana. Siku ile kulikuwa na mawingu, nikalifungua, na ukanda ukabaki kama nusu mita. Aliye ndani yake anatoka na vinyweleo vyake vyote. Aliye nje ni moshi.

Walimpiga kwa mateke, kwa ngumi, kisha mtu mkubwa mwenye koti jeusi la mvua akaja na kafi. Alilishusha mara mbili. Mara ya pili mkono wa yule wa chini ulipinda mahali pasipo na kiungo. Umati ulisukumana kuja upande wangu, nami nikarudi nyuma hatua moja. Sikuwa nakwepa kupigwa. Nilikuwa natunza mita zangu.

Hapo jirani yetu akaruka katikati. Ni mvuvi, mtu mzima kuliko mimi, namwita yaya kama desturi yetu kwa kaka mkubwa. Alimnyang'anya yule wa koti jeusi lile kafi, nami nikabonyeza. Akaliinua kwa mikono miwili na kuwafokea wote, "Inatosha! Munataka kuua mutu?" Akapiga hatua kuwafukuza, na hatua hiyo ikamleta ndani ya ukanda wangu. Nilibonyeza tena.

Jioni niliitazama picha ile nikafurahi, na sina njia ya kulisema hili vizuri zaidi. Mishipa ya mikono yake ilionekana, tone la damu kwenye ncha ya kafi lilionekana, na miguuni pake uso uliochanika. Nikaituma kwenye kundi la simu la watu wa bandari. Sikuandika neno. Niliona picha inajitosheleza.

Siku ya nne asubuhi mke wa yaya alikuja mbio mpaka mlangoni kwetu, kitenge kikimfunguka.

"Kuja na ile mashine yako! Banamuua bwana yangu juu ya foto yako!"

Kaka wawili wa yule aliyepigwa walikuwa wamevuka kutoka Kongo kwa mtumbwi wa alfajiri; picha ilikuwa imewafikia simuni, nao waliona humo yaya ndiye aliyempiga ndugu yao. Nilipofika, mdogo alikuwa amemkaba yaya shingo kwa nyuma na mkubwa amemlaza mkono wa kulia juu ya ubavu wa mtumbwi wa yaya mwenyewe. Alikuwa anauponda kwa jiwe la nanga. Vidole viwili vilikuwa vimekwisha kuvunjika. Yule aliyepigwa siku ile naye alikuwepo, amekaa juu ya ndoo, mkono umefungwa kwa kitambaa, jicho moja limefura mpaka limezibika.

"Si yeye," alikuwa anamwambia kaka yake mkubwa. "Yaya, miye nilikuwa pale. Si yeye."

"Weye ulikuwa unakula mchanga," kaka yake akamjibu bila kugeuka. "Utaona nini? Foto njo iliona."

Nilimfungulia huyo mkubwa kwenye kamera picha iliyotangulia, ile ya yaya akinyang'anya kafi. Mkubwa aliitazama kidogo. "Hapa hakuna mutu. Ni moshi." Akaliinua jiwe tena.

"Papa, nipe dakika moja," nilisema. "Moja tu. Kisha mufanye munavyotaka."

Sijui kwa nini alikubali. Pengine ni neno papa, ambalo kwao ni baba. Nililaza makafi mawili mchangani kuanzia miguuni pangu, nikamsimamisha yeye kwenye ncha ya mbali, jiwe bado mkononi. Mdogo wake, aliyemwachia yaya shingo lakini si macho, nikampeleka hatua tano nyuma yake na kumwambia ainue kafi la tatu kana kwamba anataka kumpasua kaka yake kichwa. Nikalifungua tundu la lenzi kama siku ile. Nikabonyeza, nikampa kamera.

Kwenye kioo alikuwa yeye, mkali kama sindano, na jiwe lake lenye damu. Nyuma yake kulikuwa na doa refu lisilo na uso.

"Sasa niambie, papa. Nani anataka kupiga, na nani anaonekana?"

Mwanamke mmoja kwenye mikeka alicheka. "Eh, mudogo wako amegeuka shetani!" Mwingine akadakia, akimkatalia kwa heshima ya mzaha, "Awe, ni wewe mwenye jiwe, mukwai. Tumekuona!" Mkubwa hakucheka. Alipeleka picha mbele na nyuma kwa kidole gumba, kisha akaliachia jiwe likaanguka.

"Bon," alisema, akichanganya Kifaransa cha kwao. "Alor huyu moshi wa koti jeusi, ni nani?"

Kicheko kilikatika. Wanawake waliinama wakarudi kwenye samaki wao. Sote tulimjua. Nyumba yake ilionekana kutoka pale tuliposimama.

"Sijui," nilisema.

"Unapima mita, lakini mutu haumujui."

"Sijui, papa."

Kafi la mdogo wake lilinipata ubavuni, kisha mgongoni nilipoinama, kisha sikio likajaa mlio na mchanga ukaja usoni. Nilisikia sauti ya yule wa ndoo ikisema, "Acha. Twende. Nimechoka." Ndiye aliyewaondoa, akiwatangulia majini na kuusukuma mtumbwi kwa mkono wake mmoja mzima.

Yaya hakunishukuru, na sikustahili. Mke wake alikuwa anamfunga vidole kwa kipande cha wavu wa zamani. "Futa," huyo mke aliniambia. Nilifuta mbele ya macho yake. "Na ile ya kwenye simu za batu?"

Ile ambayo ni moshi, iliyomwonyesha akilichukua kafi, niliwatumia pia watu wa bandari, na maelezo marefu. Hakuna aliyeisambaza.

Mwezi uliofuata yaya alipakia nyavu akahamia Puta, kijiji kingine cha wavuvi, ambako hakujulikana. Baadaye mke wake alinisimulia kwamba wiki ya kwanza tu huko, mnunuzi mmoja wa samaki alimtazama yaya kwa muda, akatoa simu, akaitazama, akamtazama tena, kisha akaenda kununua kwa mwingine.