Kasmir na Kunguru wa Uani

Kasmir alikuwa mtu wa Ndanda, lakini nusu ya maisha yake iliishia kwenye Kisiwa cha Membe, kipande cha mwamba na vichaka kilichoko baharini mbele ya Dar es Salaam. Hakuna anayeishi pale, kwa kuwa hakuna maji ya kunywa. Yeye alikuwa mlinzi wa ndege na kasa wake. Boti ilimshushia maji na unga, ikageuza.

Watu walimwonea huruma. Wangejua! Alfajiri alikuta michirizi ya kasa mchangani, mama aliyepanda kufukia mayai yake akarudi majini. Jioni walitoka kaa wa nazi, wakubwa kama sinia. Mmoja aliwahi kuburuta mfuniko wa sufuria yake mpaka shimoni.

Waliomkaa moyoni zaidi ni membe, ndege weupe wa bahari. Membe wa pale hawakujenga kiota. Walitaga juu ya jiwe tupu, yai la madoadoa linalofanana na jiwe lenyewe, na jua likichoma mama alisimama juu yake kulitilia kivuli. Msimu wa kutaga, kunguru walivuka maji kutoka mjini, wakabeba mayai wazazi wakiona. Kasmir aliwakimbiza juu ya mawe makali na manati yake. Aliua wengi, wala hakujuta.

Magoti yalipokataa kupanda boti, akastaafu. Mkewe Angelina alikwishafariki, na watoto hawakujaaliwa. Akapanga chumba Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, kwa Bi Zamda, mjane muuza viungo. Hapo ndipo upweke ulipomkuta. Vipaza sauti vya wauza nguo vilianza asubuhi na mapema. Wapangaji wenzake walipita ukumbini mbio, "Shikamoo mzee!", na marahaba yake ikawakuta wameshafika barabarani. Siku nyingine ilikwisha hajasema neno jingine.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, kunguru mchanga alianguka uani. Bawa lake lilikuwa limenaswa kwenye kamba ya plastiki ya kufungia marobota.

"Mzee Kasmir, mmalize huyo!" Bi Zamda alipiga kelele kutoka jikoni. "Wenzake majuzi wamenibebea samaki sufuriani!"

Kasmir akachukua mchi, akainama. Kunguru akapanua mdomo, mwekundu ndani, akatetemesha bawa lile lisilonaswa. Hakuwa akiogopa. Alikuwa anamwomba chakula.

Mchi ukarudi mahali pake.

Alimkatia ile kamba kwa wembe, akamweka ndani ya boksi chumbani, akamlisha vichwa vya dagaa. Kisha, bila kukusudia, akaanza kuzungumza naye. Alimweleza habari za kasa, za upepo unaong'oa hema, za Angelina aliyeogopa boti na hakukanyaga kisiwa hata mara moja.

"Una mgeni, mzee?" Bi Zamda aliuliza nje ya mlango.

"Ninaye."

"Mbona haagi wala haamkii?"

"Ana aibu," Kasmir akajibu, akacheka. Kicheko chenyewe kilimshtua.

Bawa likapona. Ndege akaanza kurukaruka juu ya kitanda, na Kasmir akakosa raha. Alijua huyu anakula nini akikua. Asubuhi aliyombeba kwenda uani, mkono wake ulizunguka shingo ile nyembamba, akaisikia ikidunda kwa joto. Angeminya kidogo tu. Aliwaza mayai juu ya jiwe. Vidole vikakataa, akamwachia.

Kunguru akarukia bati. Wenzake wakamjia wakilia, na kundi zima likaelekea Jangwani, upande wa jalala, siyo baharini. Kasmir alishusha pumzi. Alisimama akiangalia mpaka hakuweza kumtofautisha na wengine.

Siku iliyofuata alikaa kibarazani na kikombe cha chai. Bi Zamda akavuta kigoda, akaketi karibu naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Chumbani leo kimya."

"Ameondoka."

Bi Zamda akamgeukia. "Hivi, kisiwani huko ulikuwa unalala wapi? Hukuogopa?"

Kasmir akaweka kikombe chini. "Palikuwa na mkwaju," akaanza, "nikaegemeza hema langu..."

Simu ya Bi Zamda ikalia. Mteja alikuwa akimngoja sokoni.

"Subiri mzee, narudi sasa hivi," alisema, akijifunga kanga vizuri huku anatoka.

Kasmir akasubiri. Jua likahama kibarazani, watu wakapita, na yeye akawa anaipanga hadithi vizuri, asije akaisahau.