Mnunuzi wa Simulizi za Watumwa

Philister wa Kisauni hakuwa mtu wa kuamini upesi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Wala si bure, maana babu yake aliyemlea aliuzwa na mtu aliyekuwa akila naye sahani moja. Kikulacho ki nguoni mwako, mzee alizoea kusema. Alipokombolewa akaletwa misheni, alisimulia maisha yake, yakapigwa chapa pamoja na ya wenzake. Chapa ya kwanza ilitaja majina ya mabwana. Zilizofuata zikayaondoa, eti majirani wasiudhike. Ile ya kwanza Philister alikuwa nayo, ameifunga ndani ya kanga.

Mwaka wa sitini na moja, uhuru ukinukia, akaanza kuja Mwidani, kijana wa Likoni mwenye kanzu safi na maneno laini. Alikusanya vitabu vya zamani vya watumwa na vya waliowapigania, na chapa za mwanzo ndizo zilizomkosesha usingizi. Watu walinong'ona kwamba anavinunua avichome, wazee wake wasije wakatajwa serikali ikibadilika. Philister aliucheka uvumi huo, kisha akauamini.

"Wallahi, mimi napenda vitabu tu," Mwidani aliapa. "Wazee wangu walikuwa wakulima."

"Na jembe alishika nani?"

Mwidani akarudia kukiomba kitabu.

Lakini kilichomkera Philister hasa ni salamu. Kijana wa umri wa kitinda mimba wake, kila akikaribishwa husema, "Hujambo, Philister?" Katika nyumba za waliomiliki watu, shikamoo ilikuwa ya mtumwa kwa bwana. Mabwana hawakumpa mjukuu wa mtumwa, hata awe na mvi kichwa kizima.

Siku moja Philister akakitoa kitabu kwenye kanga, akakiweka mezani. Mwidani alikipapasa, macho yakamlowa, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Hata Philister aliliona hilo.

"Chukua, nakupa bure," akasema. "Ila niamkie kwanza, kama wanangu wanavyoniamkia."

Mwidani alikitazama kitabu kwa uchu, akamtazama mwanamke, kisha akatia mkono mfukoni.

"Nitakulipa utakacho, Philister. Taja bei."

Philister akakifunga tena kitabu ndani ya kanga. Moyo ulimuuma, maana alikuwa ameanza kumpenda kama mwanawe.

"Bei aliitaja aliyemuuza babu yangu," akamwambia, akamfungulia mlango.