Mzee amechagua mbuzi wa mashabiki ambao hawapo

Admin, nifunikie jina langu kama ndizi zinazovundikwa, maana nikifunuliwa kabla ya Jumamosi nimeharibika. Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, naishi Lemara hapa Arusha, nauza vipuri vya pikipiki. Nina mke mmoja, kitambi kimoja na laini mbili za simu. Hizo laini ndizo zilizonifikisha hapa.

Wenye umri wangu mnakumbuka salamu za redioni. Unanunua kadi, unajaza majina ya ukoo mzima, unasubiri mtangazaji ayasome. Kulikuwa na mmoja, nitamwita Mzee Salamu, ambaye akisoma jina lako hata mama mkwe anakuheshimu wiki nzima. Sisi wasikilizaji wake tulikuwa na majina yetu ya redioni (langu siwaambii, mtanicheka). Tukajuana, tukachangiana harusi, tukazikana. Simu kubwa zilipokuja, mimi ndiye niliyefungua kundi la WhatsApp la mashabiki wake. Lilikuwa tamu! Mtu wa Ngaramtoni anaamka anasalimia kwa sauti akimwigiza Mzee, wa Olasiti anaitikia, tunachelewa kazini kwa kucheka.

Sijui liligeuka lini. Kipindi kilifutwa, wengine wakafariki, wengine wakabadili namba. Waliobaki wakaunganisha wapwa zao, wapwa wakaunganisha rafiki zao. Akaingia muuza mitumba, wakaingia watu wa mikeka ya kubeti mpira. Mimi admin sikumtoa mtu, nilifurahia tu kundi kujaa. Siku moja nikakuta jina limebadilishwa, picha ya Mzee imeondolewa, vimewekwa viatu. Nikanyamaza.

Kisha Mzee akapata kiharusi. Alipona, lakini ulimi ukabaki mzito. Akaombwa aseme maneno mawili kwenye harusi moja, akakwama kwenye jina la bibi harusi, akalirudia, akakwama tena. Kuna aliyemrekodi. Ile video ikatua kwenye kundi letu, kundi nililolifungua kwa ajili yake, na watoto wakaanza: "Babu kaisha chaji!" "Huyu naye ni nani?" Nami, ili nisionekane mzee, nikabonyeza kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Kwa kidole hiki hiki ninachoandikia.

Siku chache baadaye Mzee akaingia dukani kwangu na mkongojo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu kaninunulia simu kubwa. Nasikia lile kundi langu bado mnalo. Niunganishe basi, niwasalimie watu wangu."

Ningemwonyesha nini, ndugu zangu? Viatu? Nikajifanya natafuta mtandao. Pale pale juu ya kaunta nikafungua kundi jipya, nikalipa jina la zamani, nikarudisha picha yake. Nikamweka yeye, mke wangu, shemeji yangu, na laini zangu zote mbili. Moja ni mimi. Ya pili, Mungu anisamehe, ni Mama Furaha wa Olasiti.

"Mbona wachache?"

"Wengine watafuata, Mzee. Mtandao unasumbua."

Tangu hapo kila asubuhi anatuma sauti. Anatusalimia mmoja mmoja, polepole, ulimi ukikwama anacheka na kuendelea. Na naapa ulimi unafunguka. Binti yake aliniambia, "Anko, baba alikuwa amenyamaza kabisa. Sasa anafanya mazoezi chumbani kabla hajawarekodia." Nilitamani sakafu ya duka inimeze.

Mke wangu amechoka. "Baba watoto, niliolewa na muuza vipuri, leo nimekuwa wasikilizaji wote wa kanda ya kaskazini." Mama Furaha yeye hawezi kutuma sauti, kwa hiyo ana mafua. Mafua yasiyopona. Mzee amemwelekeza tangawizi, malimao, kujifukiza. Juzi akamwambia, "Nimekuwekea asali ya huku mlimani, usinunue ya dukani."

Jumapili ndipo lilipokuja hili. "Watu wangu," akasema, na safari hii hakukwama hata mara moja, "nilidhani nimesahaulika. Jumamosi njooni nyote nyumbani. Mbuzi nimeshamchagua. Mama Furaha, kiti chako kiko kando yangu."

Mke wangu akaniangalia. "Haya, utavaa gauni gani?" Nikacheka, kisha nikashika simu.

Nikarudi kwenye lile kundi kubwa nikaandika: "Jamani, mnamkumbuka Mzee Salamu? Anatualika Jumamosi." Jibu la kwanza: "Anauza nini?" La pili halikuja. Nikapanda juu kutafuta ile video. Kikatuni changu kilikuwepo bado, kinacheka. Nikakiondoa. Hakuna aliyegundua, kama ambavyo hakuna aliyegundua picha ya Mzee ilipotolewa.

Shemeji anasema nimdanganye kwamba kundi limevunjika. Mke wangu anasema niende leo nikaseme yote, hata la kikatuni. Mimi naogopa. Nikisema, ulimi wake utafunga tena, na safari hii nitakuwa nimeufunga mimi. Nikinyamaza, atachinja mbuzi mzima kwa ajili ya watu watatu na mama mmoja wa hewa.

Nishaurini, ndugu zangu, nikakiri kwake kabla ya Jumamosi au nifanye nini? Nichekeni mtakavyo, nimestahili. Ila kama kati yenu yupo ambaye Mzee aliwahi kusoma jina lake, akatembea mtaani shingo juu, naomba aandike hapa chini jina lake la redioni na salamu zake. Zisiwe za kutunga, za kutunga ninazo nyingi. Nikifika mlangoni kwake kusema ukweli, nisifike mikono mitupu.