Niliinama Kutafuta Kalamu, Hoja ya Mwenzangu Ikaanguka

Wivu ni wangu, kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Watu wananiita mheshimiwa, lakini nilichokifanya hakina heshima hata kidogo!

Mimi ni diwani huku Hanang. Wanawake barazani tuko wachache, na mmoja nimwite Paskalina, ingawa si jina lake. Kazaliwa Tlawi, kaolewa kata inayopakana na yangu. Kila kikao tulilala chumba kimoja cha wageni mjini, tukipakana mafuta na kuwasema waume zetu. Alikuwa rafiki yangu kweli.

Shida ni mdomo wake. Paskalina akisimama kuchangia, madiwani wanapiga meza. Nikisimama mimi, wanachungulia simu. Hata mume wangu siku moja aliniambia nijifunze kuongea kama yule mwenzangu. Jamani, iliniuma! Tangu hapo, kila akisifiwa nilijiona nimeibiwa kitu changu.

Basi akaandaa hoja: itengwe njia ya ng'ombe kwenda bwawani, wafugaji wasilazimike kupitia mashambani. Njia yenyewe ingepita kata zetu zote mbili. Kwa kanuni zetu, ukitoa hoja lazima diwani mwingine asimame aiunge mkono, la sivyo haijadiliwi. Akaniomba niwe mimi.

"Usiwe na wasiwasi, dada," nikamjibu.

Siku ya kikao aliongea vizuri mno, meza zikapigwa mpaka kwa wataalamu wa halmashauri. Akamaliza kwa kusema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kutoa hoja."

Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Mimi nikainama, nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza. Ukumbi wote ulikuwa unaningoja, maana njia inapita kwangu. Waliponiona nimetulia wakadhani watu wangu hawaitaki, kila mmoja akaogopa kuingilia. Mwenyekiti akauliza tena. Kimya. Hoja ikaanguka.

Nilifurahi, sifichi. Ila furaha yenyewe haikufika jioni. Tuliporudi chumbani, Paskalina ndiye aliyenipa pole! Alidhani nilipatwa na kizunguzungu, kwa vile nilikuwa nimeinama. Nami nikakubali kwamba ni kizunguzungu, nikanywa na chai aliyonichemshia.

Mahindi yalipobeba, ng'ombe wakapita shambani kwa mama yangu, wakala na kukanyaga. Ni wa jirani yake mfugaji, yule aliyetuletea maziwa tangu nikiwa mtoto. Mama na jirani wakatukanana, wakapelekana kwa mtendaji wa kijiji, na sasa maziwa hayaji tena, wala wakikutana kisimani hawasalimiani. Nilipokwenda kumwamkia, mama aliitikia shikamoo yangu bila kuniangalia.

"Hivi nyie huko barazani huwa mnaongea nini?" akaniuliza.

Paskalina naye amezuiwa na kanuni kuirudisha hoja ile mapema.

Kikao kilichofuata nilileta hoja yangu ndogo, choo cha mnadani. Hakuna aliyepiga meza. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono, na kabla sijakaa vizuri, Paskalina alishasimama.

"Naunga mkono," akasema, akanitabasamia.

Mpaka leo hajui. Wewe unayesoma, kama una mwenzako anayekuzidi na roho inakuchoma, simama umuunge mkono hivyo hivyo, hata kama miguu inagoma. Roho itapoa baadaye. Choo changu kimepita, watu wa mnada wananishukuru. Na mama yangu bado anakunywa chai ya rangi.