Chupa ya Mama Mkwe

Morenike amenunua mawese sokoni Oje, Ibadan, miaka kumi na moja, na hajawahi kuamini debe hata moja. Hunusa, hulamba, humhoji muuzaji kama polisi, kisha hunusa tena. Alipojifungua, hata mkunga alilazimika kueleza sindano ni ya nini.

Ajabu ni kwamba dawa ya kuongeza maziwa aliinywa bila swali. Aliileta mama mkwe wake, Bi Abeke: chupa ya maji meusi yenye magome. Kwetu, mke hanusi alichopewa na mama mkwe. Morenike alibana pua, akanywa bilauri asubuhi, bilauri jioni.

Wiki ya pili mwanawe, Ayanfe, alikuwa wa kulala tu. Akiogeshwa, amelala. Akinyonya, amelala.

"Mtoto ana adabu," alisema Bi Abeke. "Mumeo alinililia mwaka mzima."

"Mama, anasinzia na ziwa mdomoni."

"Ameshiba, mke wetu. Ulitaka akupigie ngoma?"

Morenike alingoja mkwewe aende kuoga, akaizibua chupa na kunusa kwa mara ya kwanza. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja kwa Mama Ganiyu, muuza dawa za majani aliyeiuza chupa ile.

"Hii umeiloweka kwenye kitu gani?"

"Nauza aina mbili, ya maji na ya gongo. Ya gongo ni ya wanaume wanaoumwa mgongo. Nilimwambia mkweo! Akasema ya maji haina nguvu."

"Na magome ni ya mti gani?"

Hapo Mama Ganiyu akakumbuka mteja mwingine.

Kliniki, Morenike alitaka kwanza aione mizani ikiwa tupu. Muuguzi akamwonyesha, kisha akampima mtoto.

"Wiki mbili, hajaongeza hata gramu. Pombe inaingia kwenye maziwa, dada. Na hayo magome siyajui mimi, wala aliyeyauza. Acha yote. Mwamshe kila saa mbili tatu anyonye. Asipoamka, mlete papo hapo."

Siku ya tatu Ayanfe alipiga kelele hadi majirani tukatoka nje.

"Umemharibu," alisema Bi Abeke.

Morenike alimpa mtoto ziwa, akasikiliza kila funda likishuka. Bi Abeke alisogea, akamtazama mjukuu akivuta kwa hasira, macho wazi. Hakusema neno, jambo geni kwake, lililotutia sote wasiwasi.