Ngwe Yangu ya Karanga

Usiku ule nililala nimejiridhia, jambo ambalo mke wangu husema ni dalili mbaya. Jioni binti yangu Zuhura, ambaye ndiyo kwanza anainuka kutoka kwenye malaria, alikuwa ameniomba nimpalilie ngwe yake ya karanga kabla magugu hayajaimaliza. Nilimjibu kama marehemu baba yangu alivyonijibu mimi nilipougua nikiwa na umri wake: shamba halijui homa. Kwetu kila mtoto hupewa ngwe yake, huilima mwenyewe, na asiyepalilia hukosa mavuno. Nikamwambia pia kwamba mimi hakuna aliyenipalilia. Alijifunika kanga, akageukia ukutani.

Basi nikalala, na mara nikawa mtoto tena. Niko mlangoni mwa nyumba yetu ya zamani, miguu inatetemeka kwa homa, na kule shambani kuna mtu ameinama. Namjua kwa kikohozi chake. Ni Baba, na shati lake la kijani lililochanika begani. Anapalilia kwa vidole, taratibu, ili alama za jembe zisionekane. Ngwe ile ni yangu.

Halafu hapo hapo ni mavuno. Ua umejaa watu, Baba amenishika bega, anawaambia majirani kwamba mtoto huyu hakusaidiwa na mtu. Nami nimevimba kichwa. Nikatazama kucha zake, nikaona udongo.

Iliniuma. Nilipopona siku zile niliikuta ngwe safi, na yeye akasema ni matunda ya kupalilia mapema. Niliamini, mimi mjinga. Maisha yangu yote nimesimama juu ya sifa ile. Nimewalea wanangu kwayo, nimewanyima mkono kwayo.

"Baba," nikasema, "ulinidanganya mbele za watu."

Hakukana. Tuko shambani tena, sasa ni shamba langu, na yeye amechutama kwenye karanga za Zuhura, anang'oa magugu.

"Nilikufundisha kulima," akasema. "Sikukufundisha kumwacha mgonjwa." Akanisogezea nafasi kando yake. "Palilia. Ila asijue."

Niliamka majogoo wanawika, nina hasira za mtu aliyeibiwa. Alinipenda, naam, lakini alinificha, na kwa kunificha akanifanya mgumu kwa damu yangu mwenyewe. Sijamsamehe bado. Nusu ya wosia wake niliichukua, nusu nikamrudishia huko huko aliko.

Nilingoja kupambazuke. Nikabeba kigoda, nikakiweka ukingoni mwa ngwe, kisha nikarudi kumshika Zuhura mkono hadi pale.

"Kaa hapa, mwanangu," nikamwambia, nikainama kwenye magugu. "Unione."